Tusiifagie Riziki Yetu
Wito kwa mafundi, wauzaji na wanunuzi wa Makina, Kibera na Kawangware

Jirani zangu,

Ninawaandikia mafundi wa kushona wa Makina, mlio sokoni na mlio vibarazani. Wauzaji wa mitumba wa Toi. Mafundi wa Kawangware, kuanzia Gatina hadi Congo. Na kila mmoja wetu anayevaa kazi ya mikono yenu. Nina ombi moja, na ninalitaja mapema ili msome yaliyobaki mkijua ninakoelekea. Vipande vya kitambaa vinavyodondoka chini ya meza zetu za kukatia tusivichanganye tena na taka. Tuviweke kando vikiwa safi, tuvichambue, tuvishone kuwa mikoba na nguo, na vikishashonwa tuvinunue kwa bei inayomlisha aliyevishona.

Ninaliomba hili kwa sababu ninaamini jambo ambalo kila fundi anaweza kulithibitisha mwenyewe jioni ya leo. Kitambaa hakiwi taka pale mkasi unapokikata. Huwa taka pale ufagio unapokichanganya na majivu, maganda ya viazi na maji machafu. Kati ya mkasi na ufagio kuna saa chache tu, na riziki ya watu wengi inapotelea ndani ya saa hizo.

Kilicho chini ya meza

Mtazame fundi anayekata gauni la kitenge. Mteja ameleta kitambaa chake, amechagua rangi kwa makini, amelipa. Fundi akishakata kifua, mgongo na mikono, hubaki pembe za makwapani, nusu duara la shingo, na utepe mrefu wa pembeni ambako kitambaa kilizidi kipimo. Anayeshona sare za shule hubakiza vipande vya kijivu na vya bluu iliyokoza. Anayekata mapazia hubakiza ncha nzito zenye nguvu. Anayefupisha jinzi za mitumba hubakiza miguu ya suruali, kitambaa kigumu kilichokwisha kufuliwa mara nyingi na bado kina miaka mingi ya kutumika.

Vyote hivyo vimeshagharamiwa. Kuna mkulima aliyeilima pamba yake, kuna kiwanda kilichoifuma na kuitia rangi, kuna meli na lori zilizoileta mpaka hapa. Gharama hiyo yote imo ndani ya kipande cha upana wa kiganja kilicholala sakafuni.

Jioni ikifika hufagiwa. Vipande huingia gunia moja na majivu ya pasi ya makaa, mifuko ya maziwa na mabaki ya chakula cha mchana. Baada ya hapo hakuna anayetaka kuvigusa, wala huwezi kumlaumu. Vingine huchomwa kando ya njia, na kama ni polista huyeyuka na kutoa moshi mweusi ambao watoto wetu wanaupumua wakitoka shule. Vingine huishia mitaroni. Kitambaa kilicholowa hakisukumwi na maji kirahisi. Hukaa, hukusanya mchanga, huziba. Masika ikija, maji hukosa njia na kuingia majumbani. Aprili na Mei 2024 tuliona jinsi mafuriko yalivyoutesa mji huu, na wanaoishi mabondeni ndio walioumia zaidi. Kinachopita mitaroni Kibera huteremka hadi bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953, ambalo wazee wanalikumbuka likiwa na maji ya kupigia makasia. Baadaye lilifunikwa na magugu na taka.

Mzigo wenyewe si mdogo. Mwaka 2019 peke yake, Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za nguo za mitumba. Nguo hizo zimevalisha familia nyingi na kuajiri watu wengi, na siandiki haya kumsuta muuza mitumba hata mmoja. Lakini kila robota lina kamera zake, nguo bora zinazonunuliwa asubuhi na mapema, na lina fagia zake, nguo zisizo na mnunuzi zinazobaki chini jua likizama. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba dunia nzima hutupa tani milioni 92 za nguo na vitambaa kila mwaka, na ndiyo sababu tarehe 30 Machi 2025, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Taka, mavazi na vitambaa ndivyo vilivyopewa nafasi ya kwanza. Shirika la umoja huo linaloshughulikia mazingira lina makao yake makuu Gigiri, mjini humuhumu. Yanayojadiliwa Gigiri kwenye makaratasi yako chini ya meza zetu Makina, na sisi ndio tunaoweza kuyashika kwa mikono.

Viraka vya heshima

Wapo wanaoona haya kuvaa au kubeba kilichounganishwa. Husema ni nguo ya shida. Ningependa tuwakumbushe kwa upole kwamba watu wa bahari yetu na wa bara letu wameunga vitambaa kwa fahari tangu zamani.

Kanga yenyewe, ambayo hakuna harusi wala arobaini inayofanyika bila yake, inasimuliwa kuwa ilianza hivyo. Katikati ya karne ya 19, wanawake wa pwani na Zanzibar walinunua vitambaa vya leso vikiwa bado ni mfululizo mmoja, wakavikata na kuviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana ambalo halikuwa limeuzwa na mfanyabiashara yeyote. Wenye maduka walipoliona vazi hilo limependwa ndipo wakaanza kuagiza vitambaa vilivyochapwa hivyo tangu kiwandani. Mtindo ulitoka kwa washonaji, na viwanda vikaufuata.

Ng'ambo ya bahari hiyohiyo, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika na ambao wengi wa mababu zao walivushwa bahari wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mablanketi yaitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu za familia. Huanza pembeni, wakazunguka kuelekea katikati, mshono mmoja wa mkono baada ya mwingine, na kwenye kila pembe huweka vipande vidogo wanavyoviita maua. Blanketi lisilo na maua hayo huhesabiwa kuwa halijakamilika. Leo kawandi hutundikwa katika majumba ya makumbusho.

Na hapa Makina tuna urithi wetu. Mababu wa Wanubi, jamii ya hapa, walikuwa askari waliotoka Sudan, wakaingia katika jeshi la King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakapewa makao mahali hapa palipokuwa bado msitu. Katika Sudan hiyo, miaka ya 1880, wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyepigana na watawala wa nchi hiyo, walivaa kanzu fupi zenye viraka kuonyesha kwamba wameipa anasa mgongo. Wakuu wao pia walivaa viraka, tena vilivyopangwa kwa ulinganifu na kushonwa kwa ustadi mkubwa. Mababu wa Kibera walikuwa upande mwingine wa vita vile, lakini walitoka katika nchi ambayo kiraka kiliweza kuwa cheo. Bibi zetu wa Kinubi nao wamejulikana kwa kawa za kufunikia chakula zenye rangi zinazoimba, zilizojengwa duara juu ya duara. Jicho linalojua rangi ipi iketi kando ya ipi lipo mtaani humu tangu kabla ya cherehani ya kwanza kufika.

Ushahidi uko karibu

Anayetaka mfano wa leo hana haja ya kusafiri. David Avido, mbunifu aliyezaliwa na kukulia Kibera, alijenga jina la Lookslike Avido akiwa hapahapa. Mwaka 2020, korona ilipoingia na barakoa zikawa ghali kwa mtu wa kibarua, alichukua mabaki ya vitambaa vya kazi zake, akayashona kuwa barakoa na kuwagawia majirani bure, maelfu kwa maelfu. Kumbukeni hali ilivyokuwa: Machi mwaka huo serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Agosti. Kitambaa kilichokuwa karibu kuliko vyote kilikuwa kile ambacho wengine wangekifagia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2023, Kibera ikawa na wiki yake ya mitindo, na wabunifu wa hapa wakaonyesha kazi zao mitaani mwao wenyewe.

Mohamed Awale aliitazama Gikomba, soko la mitumba lililo kubwa kuliko yote nchini, akaona katika jinzi, makoti na mashati yasiyo na mnunuzi malighafi ya mikoba. Kazi yake, Suave, imethibitisha kwamba kijana wa Nairobi hulipa pesa nzuri kwa mkoba uliotokana na fagia, mradi zipu ifunguke vizuri na mkanda usikatike. Na tangu mwaka 1996, Amani ya Juu, iliyoanza hapa Nairobi kwa kazi ya wanawake waliokimbia vita katika nchi zao, imeunganisha vipande vya vitambaa kuwa mablanketi na mikoba, na ikawaunganisha washonaji wa mataifa mbalimbali kwenye meza moja.

Hawa wote wanatufundisha somo moja. Hakuna hata mmoja wao aliyefanikiwa kwa kuwaomba wateja huruma. Walifanikiwa kwa sababu waliyapata mabaki yakiwa safi na yamechambuliwa, na wakayashona kwa ufundi usio na visingizio.

Kuchambua ndio mwanzo wa ufundi

Kwa hiyo turudi mezani. Mtu akiniuliza kinachowazuia mafundi wengi wa Makina na Kawangware kushona mikoba ya vipande, sitasema ni ujuzi. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni kitambaa kilichotengwa kwa aina yake. Gunia la vipande vilivyochanganyika humla fundi asubuhi nzima kabla hajashona hata mshono mmoja. Gunia lililochambuliwa humruhusu akae kwenye cherehani mara moja.

Magunia manne yanatosha: moja la pamba na kitenge, moja la jinzi na vitambaa vizito, moja la polista na vitambaa vya kuteleza, moja la vitambaa vinavyovutika kama vya fulana. Usipojua kipande ni cha nini, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti mbali na vitambaa vingine. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa polista huyeyuka na kuacha donge gumu. Ukiunga kinachovutika na kisichovutika, mkoba utajikunja siku ya kwanza ya kufuliwa. Ukiunga kitenge ambacho hakijarowekwa na jinzi iliyofuliwa mara nyingi, kitenge kitarudi na mshono utavutana. Basi vifueni kwanza, vianikeni, vipigeni pasi, ndipo mkate.

Kisha kuna ubunifu, na hapa ndipo fundi mzuri anapojitenga na wengine. Vipande vingi vyenye makelele havifanyi kazi nzuri. Chagua kitambaa kimoja kitawale, viwili vikisindikize, na vingine viwe vya kutia chachandu tu. Rangi tulivu za sare za shule, ambazo kila mtu anazidharau, ndizo zinazozipa pumzi rangi kali za kitenge. Kata vipande viwe na kingo zilizonyooka hata kama vinapungua. Mshono ulionyooka huficha umaskini wote wa kipande. Acha sentimita moja ya akiba kila upande. Baada ya kila mshono piga pasi kabla ya kuunga kipande kinachofuata, kwa maana mshono usiopigwa pasi hupotosha yote yanayokuja baada yake.

Mkoba wa vipande ukifa, hufia sehemu tatu: mkanda, pembe za chini na zipu. Mkanda uingizwe ndani ya mwili wa mkoba na ushikizwe kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Pembe za chini zipewe jinzi, na jinzi ipewe sindano namba 16 ili isiruke mishono. Zipu iwekwe vipande vidogo vya kitambaa kwenye ncha zake mbili. Ndani kuwe na bitana nzima isiyo na viungo, na mfuko mmoja wa simu. Mteja hufungua mkoba kabla ya kuulizia bei. Akiona ndani ni safi kama nje, ataamini.

Vipande vidogo mno kwa mkoba vina kazi nyingine: kufunika vifungo, kushikia sufuria za moto, kushona mifuko ya kutilia vifaa vya shule, au kupamba kola na mifuko ya mashati ya watoto. Gauni la mtoto wa miaka mitatu linaweza kutoka lote katika masalio ya magauni ya watu wazima. Na makombo yasiyoshika sindano kabisa yajaze mito. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimekuwa kikimwagwa kila jioni.

Bei isiyomla fundi

Nije kwenye jambo ambalo mara nyingi tunaliogopa kulisema. Tukisikia mkoba umetokana na mabaki, tunataka tuupate kwa bei ya mabaki. Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme mkoba unamchukua fundi saa nne, pamoja na kuchambua na kupanga rangi. Zipu, uzi, bitana na kitambaa cha kukazia vimemgharimu shilingi 200. Akiuuza shilingi 400, amebakiwa na shilingi 50 kwa kila saa aliyokaa kwenye cherehani, na bado hajalipa kodi ya kibanda wala stima. Akiuuza shilingi 900, amepata shilingi 175 kwa saa. Kitambaa kilikuwa cha bure katika hesabu zote mbili. Tulichokinunua ni saa zake, macho yake na mgongo wake.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kila nyumba inahitaji kitu cha kubebea. Wengi wetu tumenunua mifuko ile myepesi isiyofumwa, ikachanika, tukanunua mingine, na mwaka 2019 mamlaka ya mazingira, NEMA, yenyewe ilitangaza kuizuia mifuko hiyo kwa sababu ya ubora wake duni. Mkoba mmoja wa jinzi na kitenge ulioshonwa Makina utakwenda sokoni wiki baada ya wiki, utafuliwa, utaanikwa, utarudi sokoni. Mwenye kupiga hesabu ya mwaka mzima hataona kwamba ni ghali. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wetu ni huu ulioshonwa na jirani tunayemjua.

Ninawaomba hivi

Fundi unayekata nguo mpya: weka gunia safi chini ya meza yako, mbali na majivu na chakula. Likae pia mbali na pasi ya makaa. Oktoba 2024 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Soko la Toi na kuua watu, na hakuna kipande chenye thamani ya kutufanya turudie msiba ule. Liondoe gunia likijaa, usilirundike. Tena mwulize mteja. Kilichobaki kwenye kitenge chake ni chake. Wengi watakwambia chukua, na wengine watafurahi ukiwashonea kipochi cha kufanana na gauni. Uaminifu huo mdogo huleta wateja kuliko bango.

Ujue pia msimu wako. Januari ni sare za shule, siku za kuelekea Idd ni madera na kanzu, Desemba ni harusi na Krismasi. Mabaki hufurika katika misimu hiyo mitatu, kisha hupungua. Kikundi kinachotaka kushona mwaka mzima kijiandae kukusanya wakati wa mafuriko.

Muuzaji wa mitumba: kabla hujaitupa fagia, itoe zipu, vifungo na bizimu za chuma. Tenga jinzi zisizouzika na mashuka yaliyotoboka. Tafuta kikundi kimoja cha washonaji mkubaliane bei ya gunia, hata ikiwa ndogo, na siku maalumu ya kulichukua. Kilichokuwa hasara yako ya jioni kitakuwa shilingi, hata kama ni chache.

Ninyi mnaoshona vipande, au mnaotaka kuanza, hasa akina mama na vijana: ungeni chama. Mashine ya kufuma kingo ni ghali kwa mtu mmoja, lakini watu kumi wanaweza kuinunua na kuitumia kwa zamu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa Hazina ya Uwezo au Hazina ya Maendeleo ya Wanawake. Yeyote aliyejifunzia kazi kibarazani aende akatahiniwe na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, katika ushonaji, apate cheti cha daraja lake. Kwa cheti na usajili, mnaweza kuingia katika ule mgao wa asilimia 30 ya zabuni za serikali uliotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu tangu mwaka 2013. Mikoba ya makongamano hununuliwa kwa wingi kila mwaka. Kwa nini isishonwe hapa?

Walimu na wazazi: mtaala wa sasa unawataka watoto watengeneze vitu kwa mikono, na mara nyingi mzazi huhangaika usiku kutafuta vifaa vya kesho. Shule na ikae na gunia la vipande vilivyofuliwa, lililotolewa na mafundi wa jirani. Mwalikeni fundi mmoja kila muhula awaonyeshe watoto namna ya kushika sindano na kunyoosha mshono. Atakuja, kwa kuwa hakuna fundi asiyependa kuitwa mwalimu.

Viongozi wa misikiti na makanisa: mnakutana na watu wengi kwa wiki moja kuliko duka lolote. Tunaomba kona moja uani ya kupokelea vitambaa safi, na tangazo fupi baada ya ibada. Sadaka ya shuka kuukuu iliyofuliwa ni sadaka kamili.

Nanyi wa Serikali ya Kaunti ya Nairobi: Katiba katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu zinakotoka na kaunti ziwe na vituo vya kurejesha malighafi. Tunawaomba kituo kimoja kidogo upande wa Makina na kimoja Kawangware, chenye paa, meza za kuchambulia, maji ya kufulia na kamba za kuanikia. Hatuombi jengo la kifahari. Vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi viko chini yenu. Ingizeni ushonaji wa vipande katika masomo ya vyuo hivyo, ili kijana ajue kukata nguo mpya na pia kuthamini kinachobaki.

Na wewe mnunuzi, ambaye bila wewe yote haya yatabaki maneno: mkoba wako unaofuata, zawadi yako ya harusi inayofuata, begi la vitabu la mtoto Januari ijayo, uliagize kwa fundi wa mtaani kwako. Mpe kipimo, mpe muda, mlipe sehemu mbele ili anunue zipu na uzi. Ukiupenda, mwambie mtu mahali ulipoushonesha. Usipoupenda, mwambie yeye mwenyewe, kwa heshima, ili wa pili uwe bora. Fundi huimarika kwa mteja anayesema kweli kisha akarudi.

Sikuandika haya kwa sababu nadhani mikoba itamaliza umaskini Kibera. Kodi bado itapanda, stima bado itapotea. Lakini riziki iliyo ndani ya uwezo wetu tusiiache ichomwe njiani huku tukiisubiri nyingine kutoka mbali. Kitambaa kipo, mikono ipo, wanunuzi tupo sisi wenyewe. Kilichobaki ni kuvikutanisha vitatu hivyo kabla ufagio haujapita.

Anza na gunia moja, kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Mwambie fundi wa kibanda kinachofuata aweke la kwake. Yakijaa, pelekeni kwa yule anayejua kuunga, na mkubaliane palepale nani atanunua mkoba wa kwanza.